Habari za Masomo ya Mbali, Tangu Posta Hata Intaneti

Nyuma ya nyumba za walimu hapa kwetu kipo kichuguu kikubwa, nacho ndicho mahali pekee ambapo mtandao hushika vizuri. Kila jioni huwakosi watu wawili watatu wamesimama juu yake, wameinua simu zao kama watu wakingao maji ya mvua. Mmoja wao ni mwalimu mwenzetu. Yeye alijiandikisha katika chuo kimoja kifundishacho kwa intaneti, akalipa ada kwa simu, naye kila juma akapanda kichuguuni kupokea masomo yake. Masomo yalikuja, wala hatuwezi kusema hayakuja: maandishi mazuri, picha za mhadhiri anayesema, na maswali mwishoni. Akayajibu maswali kwa bidii, akayapeleka. Hakupata neno. Akapeleka kazi ya pili na ya tatu. Ikawa kama mtu atupaye mawe katika kisima kirefu, asisikie hata mlio. Mwezi wa sita akatujia akauliza, "Ndugu zangu, hivi ndivyo watu wasomavyo siku hizi, ama nimeibiwa?"

Hatukuweza kumjibu papo hapo. Walakini swali lake lilitusumbua, kwa maana wazazi wengi wa hapa wanatuuliza kama mtoto aweza kupata shahada naye yuko nyumbani, na kama shahada hiyo ina thamani. Basi tukaanza kutafuta habari za mambo haya tangu asili yake. Tulidhani tutaanza na kompyuta. Kumbe ilitupasa kuanza na stempu.

Mwaka wa 1840 serikali ya Uingereza iliitengeneza posta yake upya. Zamani gharama ya barua ilihesabiwa kwa umbali wa safari na wingi wa karatasi, na mara nyingi aliyelipa ni yule aipokeaye, hata maskini wengi wakazikataa barua za jamaa zao mlangoni. Tangu Januari mwaka ule, barua isiyozidi nusu aunsi ilikwenda popote katika nchi kwa peni moja. Katika mji wa Bath alikuwako mwalimu, Isaac Pitman, ambaye miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa ametoa kitabu cha hati mkato, yaani namna ya kuandika upesi kwa alama ndogo ndogo. Pitman aliona kwamba posta ya peni moja yaweza kuwa darasa. Akapeleka masomo yake kwa barua. Wanafunzi wakanakili maneno ya Biblia kwa hati ile, wakamrudishia. Naye akayasahihisha, akawapelekea tena. Twaomba msomaji ashike neno hili, kwa kuwa tutalirudia: barua ilikwenda, ikarudi, ikaenda tena. Kitabu kilikuwa kimeuzwa tangu zamani, na mtu aliweza kukisoma peke yake. Kilichokuwa kipya ni kule kusahihishwa.

Vyuo vikuu vilikuja kwa njia nyingine. Chuo Kikuu cha London kilianza mwaka wa 1836 kama chombo cha kutahini na kutoa shahada, na mwaka wa 1858 kikafungua mitihani yake karibu yote, isipokuwa ya uganga, kwa mwanamume yeyote, hata asiyesoma katika chuo chochote. Wanawake wakaruhusiwa kupata shahada mwaka wa 1878. Mwaka wa 1865 mitihani hiyo ikafanywa ng'ambo kwa mara ya kwanza, katika kisiwa cha Mauritius. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Mtu aweza kuwa karani au mwalimu wa shule ndogo mbali sana, asiione London maisha yake yote, naye akapata shahada ileile. Lakini chuo kile kilipima tu, hakikufundisha. Aliyetaka kufundishwa alijitafutia mwalimu wake, na kwa sababu hiyo wakatokea watu waliofanya kazi ya kufundisha kwa posta kwa malipo, kama William Briggs aliyeanzisha chuo cha namna hiyo huko Cambridge mwaka wa 1887. Asiye na fedha za kumlipa mtu kama huyo alipambana na vitabu peke yake.

Habari za Afrika Kusini zafanana na hizo, kisha zikapita mbele. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kilianza mwaka wa 1873 kwa jina jingine, nacho pia kilikuwa cha kutahini tu. Mwaka wa 1946 kikaanza kufundisha chenyewe kwa njia ya posta. Mwanafunzi mmoja wa njia hii ajulikana duniani kote, naye ni Nelson Mandela. Alipokuwa amefungwa katika kisiwa cha Robben alisoma sheria za Chuo Kikuu cha London kwa posta, usiku baada ya kazi ya kuvunja mawe. Wakuu wa gereza walipogundua maandiko ya habari za maisha yake aliyoyaandika kwa siri, wakamnyima ruhusa ya kusoma kwa miaka minne. Adhabu ile yatuonyesha thamani ya barua kwa mtu aliyefungwa: hawakuona kitu kingine cha kumnyang'anya kilichokuwa kizito kama hicho. Shahada yake ya sheria aliipata mwaka wa 1989 kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, akiwa bado kifungoni.

Sasa twataka kuvuka bahari mpaka Australia, ingawa huko habari ni ya watoto wadogo wala si ya wanachuo. Sababu itaonekana baadaye. Katikati ya nchi ile ni jangwa, na nyumba za wafugaji ziko mbali mbali, hata jirani aweza kuwa safari ya siku nzima. Waganga waliokwenda huko kwa ndege waliwapa watu redio za kuwaitia wakati wa ugonjwa. Redio hizo, kazi ya fundi Alfred Traeger, hapo kwanza zilipata nguvu kwa kukanyagwa kwa miguu kama baiskeli. Mwaka wa 1951, katika mji wa Alice Springs, waalimu wakaanza kuzitumia redio hizo kufundisha watoto. Haikuwa redio ya kusikiliza tu kama zetu. Mtoto aliweza kumsikia mwalimu, na mwalimu aliweza kumsikia mtoto, akamwita kwa jina lake na kumuuliza swali, ilhali kati yao kuna mamia ya maili ya mchanga.

Kompyuta nayo iliingia chuoni mapema kuliko watu wengi wadhanivyo. Mwaka wa 1960, katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, mhandisi Donald Bitzer na wenzake waliifanya kompyuta kubwa ya chuo, iliyojaa chumba, ifundishe. Kazi hiyo iliitwa PLATO. Mwanzoni ilimhudumia mwanafunzi mmoja tu kwa wakati mmoja: ikamwonyesha somo, ikamuuliza, naye akibonyeza jibu ikamwambia papo hapo kama amekosa. Miaka ilivyopita wanafunzi wakawa mamia, kisha zaidi, na vioo vya mashine zile vikaweza kuguswa kwa kidole, kama simu za leo. Jambo tulilolipenda zaidi ni hili: kufikia mwaka wa 1973 watumiaji wa PLATO walikuwa na njia ya kuandikiana wao kwa wao ndani ya mashine, kuulizana na kusaidiana, nao walifanya hivyo mchana na usiku. Mashine iliwasahihisha, lakini walipopata nafasi walitafutana wenyewe.

Hata hivyo PLATO ilikuwa ya gharama kubwa. Chuo kilichowafikia wakulima, wachimba makaa na mama wa nyumbani kilitoka Uingereza, na hapa inatupasa kukaa kidogo.

Tarehe 8 Septemba 1963 Harold Wilson, kiongozi wa chama cha Labour, alisema katika hotuba yake huko Glasgow kwamba yafaa kuwe na chuo kikuu cha hewani, kitakachofundisha kwa redio na televisheni. Siku zile katika vijana 100 wa Uingereza hawakufika 10 walioingia chuo kikuu. Wilson alipokuwa Waziri Mkuu, kazi hiyo alimpa Jennie Lee, binti wa mchimba makaa wa Scotland. Bibi huyu alishikilia neno moja, nalo ni kwamba chuo hiki kisiwe chuo hafifu cha maskini. Wengi walidharau, mmoja wa wakubwa wa chama cha Conservative aliuita mpango wote upuuzi mtupu. Hata hivyo Chuo Kikuu Huria kilipata hati yake ya kifalme mwezi wa Aprili 1969, na Januari 1971 kikawapokea wanafunzi wapatao 24,000. Hakikudai cheti chochote cha kuingilia. Aliyetaka kujaribu alijaribu.

Watu waliokikumbuka chuo kile hutaja zaidi televisheni, wale wahadhiri wenye tai pana waliofundisha hesabu usiku wa manane. Kumbe televisheni ilikuwa sehemu ndogo ya kazi. Mkuu wa kwanza wa chuo, Walter Perry, na wenzake walijenga kazi juu ya vitu vingine. Kwanza, vitabu vilivyoandikwa makusudi kwa mtu asomaye peke yake, vyenye maswali katikati ya maelezo ili asisinzie. Pili, vifaa: mwanafunzi wa sayansi alipelekewa kwa posta sanduku lenye madawa na vyombo vya majaribio, hata hadubini ndogo ya kushikwa mkononi, akafanya jaribio lake juu ya meza ya jikoni. Tatu, juma moja la kiangazi ambapo wanafunzi waliishi pamoja katika chuo fulani, wakaonana uso kwa uso.

Na juu ya yote hayo kulikuwa na mwalimu. Kila mwanafunzi alikuwa na mwalimu wake, mtu mwenye jina, aliyezisoma kazi zake na kuandika pembeni pale alipokosea na kwa nini amekosea. Waalimu hawa walikuwa maelfu, wengi wao wakifundisha kwengine mchana. Tena chuo hakikuwaacha hivi hivi. Wakaguzi walizisoma baadhi ya kazi zilizokwisha kusahihishwa, ili waone kama mwalimu ameeleza, ama ametia alama tu. Sisi tulio waalimu twajua uzito wa jambo hili. Kusahihisha madaftari 60 ni rahisi ukitia vyema na mkosa. Ukiandika kwa kila mtoto sababu ya kosa lake, taa itaisha mafuta.

Mfano wa chuo kile ukaenea duniani, nasi huku hatukuachwa. Tena wazee wetu walikuwa wamekwisha onja kitu cha namna yake. Mwaka wa 1973 Tanzania ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo watu wapatao milioni mbili walikutana kwa vikundi kusikiliza masomo ya afya katika redio. Haikuwa redio peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kitabu, na kiongozi aliyefunzwa, naye aliuliza, akajibu, kisha akawaongoza watu kwenda kuchimba choo. Bibi mmoja wa hapa alituambia kwamba maneno ya redio ameyasahau, lakini yule kijana aliyewasomea anamkumbuka kwa jina.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka wa 1992, kikaanza kazi mwaka wa 1993 chini ya mkuu wake wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari, na mwezi wa Januari 1994 kikazinduliwa. Nchi ilikuwa na vyuo vikuu viwili tu vya serikali, na watu waliofaulu wakakosa nafasi walikuwa wengi. Waliojiandikisha ni waalimu, makarani, askari na watu wengine wenye kazi na jamaa za kulisha. Chuo kilifungua vituo vyake mikoani, mwanafunzi akasoma nyumbani, kisha akafika kituoni kuonana na wahadhiri na kufanya mitihani. Twawajua waliosafiri siku mbili kwa basi na kwa miguu kuufuata mtihani mmoja.

Kwa upande wa mitambo, Benki ya Dunia ilianzisha mwaka wa 1997 mpango wa Chuo Kikuu cha Afrika cha mtandaoni, uliorusha mihadhara ya vyuo vya ng'ambo kwa setilaiti hata katika madarasa ya Afrika. Baadaye makao yake yakahamia Nairobi. Setilaiti ilikuwa ghali. Njia ilifunguka mwezi wa Julai 2009, mkongo wa SEACOM uliolazwa chini ya bahari ulipoanza kazi, ukifika Mombasa na Dar es Salaam. Kabla ya siku ile pwani yetu yote ilitegemea setilaiti kwa kuzungumza na ulimwengu kwa intaneti.

Hapo ndipo tunapowarudia watoto wa jangwani. Mmoja wa waliosoma kwa redio katika jangwa la Australia ya magharibi aliitwa Martin Dougiamas. Alipokuwa mtu mzima alitengeneza programu ya kompyuta ya kufundishia kwa mbali, akaitoa mwaka wa 2002 kwa jina la Moodle, bure, kwa yeyote aitakaye. Ndani yake mwalimu huweka somo, mwanafunzi hupeleka kazi, mwalimu huirudisha na maneno yake, na wanafunzi huandikiana. Vyuo vingi vya dunia vinaitumia, na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza na kile cha Tanzania vimo. Twadhani si bure kwamba programu hii ilitungwa na mtu ambaye alipokuwa mtoto alijibiwa na mwalimu asiyemwona.

Wengine walifuata njia ya wingi. Mwaka wa 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig, waliokuwa wakifundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford, walilifungua somo lao moja kwa watu wote wa dunia, bila ada. Wakajiandikisha watu wapatao 160,000. Dunia ikashtuka. Mwaka uliofuata makampuni na vyuo vikubwa vikaingia kazini, na wako waliotabiri kwamba vyuo vya matofali vimekwisha. Lakini katika wale 160,000, waliomaliza walizidi 20,000 kwa kiasi kidogo tu, na katika masomo mengi yaliyofuata waliomaliza hawakufika 10 katika kila 100. Mwaka wa 2013 chuo kimoja cha California, San José, kiliwajaribu wanafunzi wake kwa masomo ya namna hiyo. Waliofaulu wakawa wachache kuliko wa madarasani, na jaribio likasimamishwa mwaka uleule. Hatusemi masomo yale yalikuwa mabaya. Mengi ni mazuri kuliko yetu, na mtu mwenye elimu ya kutosha na nidhamu huyafaidi. Lakini mwalimu mmoja hawezi kusoma kazi za watu 160,000, na aliyeanguka njiani hakuwa na wa kumuuliza mbona hakuonekana juma hili.

Msomaji anajua yaliyotokea mwaka wa 2020. Ugonjwa wa Korona ulifunga shule na vyuo karibu duniani kote. Kwetu Tanzania vilifungwa mwezi wa Machi, na vyuo vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Mahali pengi vyuo viliyahamishia masomo yote kwenye intaneti kwa siku chache, bila maandalizi. Hapo ikaonekana tofauti ya watu: mwanachuo wa mjini alisoma, wa kijijini akatafuta kichuguu chake, na wengine hawakuwa hata na fedha za kununua muda wa intaneti. Tangu Novemba 2022 zimekuja pia zile programu ziandikazo majibu zenyewe. Zaweza kumwonyesha mwanafunzi kosa lake saa nane za usiku bila kuchoka. Tena zaweza kumwandikia kazi yote, naye akaipeleka kwa mwalimu kana kwamba ni yake. Vyuo bado vinahangaika na jambo hili, nasi hatuna la kuongeza.

Tukamrudia mwenzetu tukamwambia yale tuliyoyaona: masomo ya mbali si wizi, yana umri wa karibu miaka 200, na watu wakubwa wameinuka kwayo. Kisha tukamwambia asitazame uzuri wa picha, bali aulize mambo matatu kabla ya kulipa: chuo hiki kimesajiliwa na serikali? Nani atakayezisoma kazi zangu, na baada ya siku ngapi? Mtihani nitaufanyia wapi, na mbele ya nani? Akakiuliza kile chuo chake cha kwanza. Hakikujibu, kama desturi yake. Ada haikurudi.

Sasa amejiandikisha katika chuo kingine, chenye kituo katika mji wa mkoa wetu. Juma lililopita kazi yake ya kwanza ilirudi, naye akatusomea palepale kichuguuni maneno ya mwalimu wake: ameeleza mengi, lakini swali hakulijibu, asome tena sura ya pili, aandike upya. Alikasirika sana, akasema mtu huyo hajui kazi. Siku ya tatu jioni tukamwona anapanda tena, daftari kwapani.